Programu za kuhariri picha: ipi uanze nayo ukiwa mpiga picha Mwanza

Kila msimu wa harusi ukikaribia napigiwa simu na vijana walionunua kamera yao ya kwanza, na swali huwa lile lile: "Kaka, niweke programu gani?" Mimi huanza kwa kuwauliza: laptopu yako ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani, na wikendi moja unarudi nyumbani na picha ngapi? Asiyejua majibu hayo mawili atateswa hata na programu ya bei kubwa kuliko zote.

Piga hesabu. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili la RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoinasa, la MB 25 hadi 30 hivi. Sendofu moja ikikupa picha 600, hizo ni GB 15 hadi 18 kwa usiku mmoja. Kwa hiyo hela ya kwanza itoke kwenye diski za nje, tena mbili, moja ikae mbali na laptopu. RAM ya GB 8 itakufikisha, ila kwa GB 16 utapumua.

Na upige RAW. JPEG, ile picha ya kawaida iliyokwisha kubanwa na kamera, ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Utaielewa tofauti hiyo siku bibi harusi mweusi wa kupendeza, ndani ya gauni jeupe, atakaposimama kwenye mawe ya Capri Point saa nane mchana. Ukilinda gauni, uso unazama gizani. Ukiufungua uso, gauni linaungua, yaani linakuwa jeupe tupu bila mikunjo kuonekana. RAW inakuruhusu kuviokoa vyote viwili, mradi gauni halikuungua kabisa ulipobonyeza.

Namba moja kwangu ni darktable. Ni ya bure, ipo tangu 2009, inakubali Windows, Mac na Linux. Unatumia bando mara moja kuipakua, baada ya hapo haikuulizi intaneti. Faili lako la asili hailigusi, kila badiliko inaliandika kwenye kifaili cha pembeni chenye jina la XMP, kwa hiyo ukihamisha picha kwenda diski nyingine hamisha na vifaili hivyo, la sivyo kazi yako inabaki nyuma. Ukishamaliza picha moja ya ukumbini, unanakili mabadiliko yake na kuyabandika kwenye nyingine arobaini za ukumbi ule ule.

Ugumu wake upo mwanzoni. Ina moduli nyingi mno na wengi hukata tamaa siku ya pili. Mwezi wa kwanza shika nne tu: ya mwangaza, ya kusawazisha rangi, ile inayoitwa sigmoid inayotuliza sehemu kali na za giza, na ya kukata na kunyoosha. Nyingine ziache zilale.

Lightroom Classic ya kampuni ya Adobe naipa nafasi ya pili, na kilichoishusha ni malipo. Kwa kasi inaongoza: bonyezo moja inatambua anga au mtu, halafu unang'arisha uso peke yake. Lakini huwezi kuinunua ikawa yako. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ya mwisho kuuzwa hivyo, sasa ni kulipa kila mwezi au mwaka, kwa kadi inayokubali malipo ya nje. Malipo yakikatika picha zako hazipotei, unaziona na kuzitoa, ila sehemu ya kuhariri inafungwa. Fikiria hilo likikukuta Desemba, una harusi tatu hujazikabidhi. Kama una kazi ya uhakika kila mwezi, basi ipandishe iwe namba moja, maana kifurushi cha wapiga picha huja na Photoshop pia.

Sitamshauri mtu yeyote aweke iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa. Mwaka wangu wa pili kazini niliweka programu ya namna hiyo kutoka kwenye flashi ya rafiki. Baada ya wiki mbili mafaili yote yakawa yamefungwa na virusi, yanadai fedha. Humo zilikuwamo picha za sendofu ya familia moja ya Igoma, zimebaki siku mbili nikabidhi. Nilimrudishia mama wa binti hela yake. Picha hazikurudi mpaka leo, na bado nikimwona yule mama inaniuma.

Ya tatu ni Affinity. Zamani ilikuwa ya kununua mara moja, lakini tangu Oktoba 2025 Canva, ambao ndio wamiliki wake, wameifanya ya bure kwa mwenye akaunti yao. Haina maktaba ya kupanga picha 600, hivyo isiwe chombo chako pekee. Nguvu yake iko kwa mwenye studio anayetengeneza pia kadi za mchango, mabango na kurasa za albamu, kwa sababu picha na usanifu vinafanyika mahali pamoja.

Laptopu ikiwa ya zamani, jaribu RawTherapee, haihitaji kadi ya grafiki. GIMP ni nzuri kwa kufuta nguzo ya umeme nyuma ya maharusi, ila RAW haifungui yenyewe, inasaidiwa na darktable au RawTherapee. Asiye na kompyuta aanze na Snapseed kwenye simu, ni bure na inafungua RAW za aina ya DNG.

Ukishachagua, usihame kwa miezi mitatu. Nenda jua likizama nyuma ya Jiwe la Bismarck, pima mwanga wa anga, piga RAW. Ihariri picha hiyo hiyo siku tatu tofauti bila kutazama ya jana, kisha ziweke pamoja. Siku nyingine nenda Mwaloni Kirumba upige dagaa: ile fedha yao inafichua haraka kama umeharibu mizani ya rangi. Mtihani mkubwa kuliko yote ni taa za zambarau za ukumbini juu ya ngozi zetu. Hapo tafuta kitu kinachojulikana kuwa cheupe, kitambaa cha meza au shati, usawazishe kwa hicho, halafu urudi kuutazama uso.

Preseti za kununua, yaani mipangilio ya rangi iliyokwisha kuandaliwa, ziache kwanza. Nyingi zimetengenezwa kwa ngozi nyeupe na jua la kwingine, na nimeona zikiwageuza watu wetu kuwa rangi ya chungwa au ya majivu. Mtu akilipia picha anataka kujiona mwenyewe.

Kabla ya kuchapa albamu, punguza mwangaza wa kioo cha laptopu hadi nusu hivi, toa picha tatu kwa JPEG ya sRGB (mpangilio wa kawaida wa rangi), zichapishe ndogo na uzitazame nje kwenye kivuli. Zikitoka nyeusi, kioo chako kilikuwa kinakudanganya, ongeza mwangaza kwenye programu kisha uchape nyingine. Na za kumtumia mteja kwa WhatsApp zitume kama dokumenti, zisibanwe njiani.