Ajira Portal kwa aliyesomea saikolojia ya shule: mlango upo, ila una jina jingine

Ukiingia portal.ajira.go.tz, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira wa kuombea kazi za umma Tanzania, na shahada yako ya saikolojia au ya ushauri na unasihi, ukatafuta "mwanasaikolojia wa shule", usishangae kukuta patupu. Mfumo hauna kosa hapo. Unaonyesha nafasi zilizotangazwa na waajiri wa umma, na katika shule zetu kazi ya unasihi kwa kawaida anabebeshwa mwalimu aliyepo, juu ya vipindi vyake. Zile habari za mtandaoni kwamba fani hii inatafutwa kwa udi na uvumba ni za Marekani, ambako chama cha wanasaikolojia wa shule, NASP, kinapendekeza mtaalamu 1 kwa wanafunzi 500 na kinadai saa 1,200 za mafunzo kazini. Huko mtu anaajiriwa kwa jina la fani yake. Hapa unapita kwa kada nyingine, na kipimo cha portal hii kwetu ni kimoja: inakusaidia kiasi gani kuuona mlango wako?

Kiasi tu. Nafasi zinaorodheshwa kwa jina la kada na la mwajiri. Fani zinazokubalika zimejificha ndani ya tangazo, kwenye sifa za mwombaji. Itabidi ufungue moja moja: Afisa Ustawi wa Jamii, Afisa Maendeleo ya Jamii, mshauri wa wanafunzi vyuoni, mkufunzi wa chuo cha ualimu, na nafasi za kuanzia uhadhiri, ambako GPA ya 3.8 mara nyingi ndiyo mpaka. Tangazo moja la ustawi wa jamii linaweza kutaja saikolojia na la mwezi unaofuata lisiitaje, kwa hiyo usiombe kwa mazoea.

Ualimu ndio unaowaangusha wengi. Mwalimu Daraja la III C, yaani mwalimu wa ngazi ya shahada, hutangazwa kwa somo. Mwenye shahada ya elimu na somo la kufundishia anapita; mwenye saikolojia tupu hapiti. Stashahada ya uzamili ya ualimu inasaidia, lakini haikupi somo ambalo hukulisoma kwenye shahada. Hili lijue kabla ya kulipa ada.

Upande wa nyaraka mfumo uko imara, tena mkali kuliko karani yeyote. Unajisajili kwa namba ya NIDA. Barua ya maombi iwe na saini, ielekezwe kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, na itaje kada kama ilivyoandikwa kwenye tangazo. Weka wadhamini watatu ambao simu zao zinapatikana. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haikubaliki, wala matokeo ya muda ya chuo. Wanataka cheti chenyewe. Uliyesoma nje, pitisha cheti TCU (cha chuo kikuu), NACTVET (cha chuo cha kati) au NECTA (cha sekondari) kwanza. Majina yakipishana, hata kwa herufi (Mwajuma kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwajumaa kwenye cha kidato cha nne), andaa hati ya kiapo iliyosajiliwa mapema, maana huwezi kuipata asubuhi ya usaili.

Kwenye wasifu wako, sentensi ya "nina uzoefu wa unasihi" haimwambii msaili kitu. Andika saa za mazoezi, aina ya shule, ulifanya nini (mahojiano na mzazi, vikundi vya wanafunzi, rufaa kwa ustawi wa jamii) na nani alikusimamia. Jina la mtoto lisionekane popote.

Ukiitwa, nakili namba ya usaili kutoka kwenye akaunti yako kabla ya safari. Hatua ya kwanza huwa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Baadhi ya kada zina vitendo katikati. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Ofisi za Sekretarieti zipo Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), majengo ya Dkt. Asha Rose Migiro, lakini usaili unaweza kupangwa kwenye ndaki (college) nyingine ya chuo hicho, na kutoka ndaki hadi ndaki si mwendo wa kutembea ukiwa umechelewa. Soma jina la ndaki, usiishie kusoma "UDOM", kisha mtajie kondakta wa daladala.

Kwa uwazi wa masharti, nyota nne. Kwa kumwongoza mtu wa saikolojia kwenye kada inayomfaa, mbili, na hizo ni za ukarimu. Kichujio cha fani kingetosha kumaliza tatizo.

Waliofaulu bila kupata nafasi huingizwa kwenye kanzidata (orodha ya akiba), na majina yao hutokea baadaye katika matangazo ya kupangiwa vituo. Yafungue hata kama usaili wako ulishapita; barua ya kituo inapakuliwa kwenye akaunti yako, na muda wa kuripoti una mwisho.