Sanduku la kemia ya matone: linapofaa na linapokwama katika maabara za Nakuru

Kwa shule ya kutwa yenye wanafunzi 50 darasani na testitubu zisizotosha hata nusu yao, sanduku hili linafaa kununuliwa. Kiini chake ni sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo 48 na vikubwa 12, iliyoenezwa na kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kwa ushirikiano na UNESCO. Huja na dropa laini, vijiko vidogo, vifuniko vyenye tundu na mirija ya silikoni. Kila mwanafunzi hufanya jaribio kwa mkono wake, badala ya wanne kumtazama mmoja akishika testitubu. Hiyo pekee inatosha kuitetea bajeti yake mbele ya mwalimu mkuu.

Akiba ya kemikali nayo ni kubwa. Chukua silva naitreti ya 0.1 M (M ni idadi ya moli katika lita moja), ambayo ni gramu 17 kwa lita. Wanafunzi 50 wakitumia 2 cm³ kila mmoja kwenye testitubu, gramu 1.7 zimekwenda kwa jaribio moja tu. Kwa matone mawili kila mmoja, darasa zima linatumia 5 cm³, yaani chini ya gramu 0.1.

Mahali ambapo walimu wengi hukwama ni kwenye neno "ziada" la uchanganuzi wa ioni, yaani kuongeza besi kupita kiasi kinachotengeneza mashapo (chembe zisizoyeyuka), ili kuona kama yatayeyuka tena. Sodiamu haidroksaidi ya 2 M iliyozoeleka kwenye testitubu ina nguvu mno kwa matone. Mwanafunzi akiweka matone mawili ya alumini ya 0.1 M kisha tone moja la besi hiyo, tayari ameshapita ziada: mashapo meupe yanatokea na kutoweka kabla hajainua kalamu, naye anaandika kwamba hakuna kilichotokea. Punguza besi iwe 0.5 M: gramu 5 katika 250 cm³, au sehemu moja ya ile ya 2 M kwa sehemu tatu za maji. Weka matone 10 ya sampuli kwenye kishimo kikubwa, kisha ongeza besi tone kwa tone ukikoroga kwa kijiti cha meno. Mashapo ya alumini hufika kilele karibu na tone la 6, na kufikia la 12 yameyeyuka. Zinki hufuata mwendo kama huo. Risasi ni sugu zaidi, kwa hiyo ziada yake imalizie kwa matone ya 2 M. Vishimo vidogo viachie majaribio yasiyohitaji ziada, kama vile kloridi, salfeti, au risasi na potasiamu ayodaidi. Chini ya sahani tandika karatasi nyeusi, la sivyo mashapo meupe hayaonekani.

Jambo la pili ni maji, na Nakuru haiwezi kulipuuza. Visima vingi vya huku vina floridi na bikabonati nyingi. Bikabonati hufanya myeyusho wa risasi uwe na ukungu kabla hata ya jaribio kuanza, na kloridi yoyote iliyomo huonekana mara tu silva naitreti inapotiwa. Tumia maji yaliyotoneshwa, au maji ya betri ya gari kutoka kituo cha mafuta, ila soma lebo vizuri kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo. Kila somo litengewe kishimo kimoja cha maji matupu na kitendanishi (kemikali ya kupimia). Kikipata ukungu, lawama ni ya maji.

Magadi ya sokoni ni sampuli nzuri ya kabonati: chembe ya ukubwa wa punje ya mchele na matone matano ya asidi hidrokloriki ya 2 M. Gesi ipitishwe kwa mrija hadi kishimo cha pili chenye maji ya chokaa. Ikikosa kuyatia weupe, kwanza kagua kama kifuniko kimekazwa hadi chini, kisha umri wa maji ya chokaa.

Kwa taitresheni, yaani kupima ujazo wa myeyusho mmoja unaomaliza mwingine, sanduku hili halifai. Sindano ya 1 cm³ badala ya bureti (mrija wa glasi wenye vipimo na bomba) inavutia, lakini tone moja la 0.05 cm³ likizidi ni kosa la asilimia 5. Kwenye bureti iliyotoa 25 cm³, tone hilo hilo ni asilimia 0.2. Karatasi ya tatu ya kemia ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, yenye alama 40 na muda wa saa 2 na dakika 15, inadai mkono uliozoea bureti. Sahani pia haistahimili moto wala asetoni, hivyo majaribio ya kupasha chumvi yabaki kwenye glasi.

Usafi ufanyike mara tu kipindi kinapoisha. Silva kloridi ikiachwa huwa nyeusi. Madoa ya kahawia ya pamanganeti hutoka kwa kidonge cha vitamini C kilichoyeyushwa. Mabaki ya risasi yasimwagwe, yakusanywe kwenye chupa yenye lebo. Ziwa Nakuru halina mto unaotoa maji yake, na kinachofika humo hukaa humo.

Mafunzo ya SMASSE, ya walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, yaliyoanza mwaka 1998 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, yalisisitiza ubunifu wa vifaa, na hapa yanafaa sana. Pakiti tupu za vidonge, au mfuko wa plastiki angavu juu ya karatasi, hufanya kazi ya vishimo vidogo bila gharama. Idara itenge alasiri moja walimu wafanye majaribio yote wenyewe kwanza, wahesabu ni matone mangapi ya dropa yao yanafikisha 1 cm³, kisha waandike upya karatasi ya maelekezo kwa idadi hiyo.

Darasa la 50 linatosheka na sahani 25, kila moja kwa wanafunzi wawili. Dropa ndizo za kuagiza kwa wingi, moja kwa kila kitendanishi kwenye kila meza na akiba juu yake, maana dropa ikigusa myeyusho wa kishimoni imechafua chupa nzima.