DRBD na Pacemaker kwa faili za ofisi: uzoefu wangu wa miezi minane

Tunahariri video za wapanda Kilimanjaro, ofisi ipo Sakina, Arusha. Wahariri sita, faili zote zilikuwa kwenye seva moja ya NFS, mfumo wa kufungua faili za seva kupitia mtandao. Siku ilipokufa, mteja alipanda ndege KIA bila video yake. Ile sura yake sijaisahau, ndiyo iliyonifanya nitafute suluhisho.

Nimefunga seva mbili za Linux. DRBD inanakili kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kwenda ya pili. Nimeiweka kwenye protokali C, yaani data haihesabiwi kuwa imeandikwa mpaka diski zote mbili ziwe nayo. Corosync inasikiliza kama seva mwenzake yu hai, na Pacemaker inaamua nani ashike anwani ya IP wanayoitumia wahariri. Programu zote hizi ni za bure.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Mwanzoni niliruka STONITH, ile hatua ya seva moja kuizima nyingine kwa nguvu kabla ya kushika kazi. Tena kebo zote nilizipitisha kwenye swichi moja ya mtandao. Swichi ikazima, kila seva ikaamini mwenzake kafa, zote zikajifanya kuu. Swichi iliporudi, DRBD ilikataa kuziunganisha, na ilikuwa sahihi kabisa: nakala zilikuwa zimeshatofautiana. Nilikesha nikilinganisha folda moja baada ya nyingine ili nijue ipi niitupe. Leo DRBD ina kebo yake ya moja kwa moja, Corosync ina njia mbili, na STONITH imewashwa.

Kwenye exports, yaani orodha ya folda ambazo NFS inazigawa, fsid (namba ya utambulisho wa folda) iwe ile ile kwa seva zote mbili, la sivyo wahariri wataletewa kosa la "Stale file handle", yaani faili waliyokuwa wameifungua haitambuliki tena.

Jaribio la kweli nililifanya kwa kuchomoa waya wa umeme wa seva kuu huku dada mmoja anahifadhi mradi wake. Mstari wa kuhifadhi ulisimama. Tukasubiri kimya, ukasogea tena, faili ikafunguka nzima. Kusubiri huko kuna sababu: NFS inapoanza upya, toleo la 4 kwa kawaida huzipa kompyuta za wahariri sekunde 90 zidai upya kufuli za faili zao. Mimi nimeupunguza muda huo kwenye nfs.conf, faili la mipangilio ya NFS.

Ila DRBD si bekapu. Ukifuta faili, inafutika pande zote mbili papo hapo, kwa hiyo kila Jumamosi bado nanakili kazi zote kwenye diski ya nje na kuondoka nayo.