Kamba ya mashua Lamu: nailoni au polipropilini?

Kwa nanga, chukua nailoni. Minyororo ya molekuli zake ina vikundi vya amaidi (vyenye nitrojeni na oksijeni) vinavyoshikana kwa vifungo vya haidrojeni, yaani mvutano kati ya mnyororo na mnyororo, hivyo kamba ni imara na bado hunyumbuka, ikapunguza mshtuko mawimbi yanapoivuta mashua. Ila vikundi hivyohivyo hupenda maji: ikilowa, nguvu hupungua kwa takriban asilimia 10 hadi 15. Na huzama, jambo ambalo kwa nanga si kasoro.

Polipropilini, aina ya plastiki, ni kaboni na haidrojeni tupu. Hainywi maji, na kwa gramu 0.91 kwa kila sentimita ya ujazo huelea. Ndiyo inayofaa kamba ya juu ya wavu, yenye maboya. Tena ni rahisi kwa bei. Adui yake ni jua. Kila kaboni ya pili kwenye mnyororo imebeba tawi la methili (kaboni moja yenye haidrojeni tatu), na haidrojeni ya hapo hung'oka upesi. Oksijeni huingia, mnyororo ukakatika. Ukiipapasa ikakuachia unga na vinyuzi vifupi kiganjani, usiifungie chombo. Nyeusi, iliyotiwa masizi ya kaboni kiwandani, hustahimili jua zaidi. Polipropilini yoyote huyeyuka karibu nyuzijoto 165 za Selsiasi, kwa hiyo ikikimbia kwa kasi huku imebanwa, msuguano huweza kuiyeyusha.