Matembezi ya Wagiriki na Warumi, Mji wa Kale

Binti yangu ndiye aliyenilipia. Mimi nisingetoa shilingi 1,500 nionyeshwe mji niliozaliwa, tena ni mwashi, nyumba za Ndia Kuu nimezipiga plasta hata sizihesabu. Eti tunatafuta nyayo za Wagiriki na Warumi Mombasa. Nilicheka.

Kituo cha kwanza kikanipa haki ya kucheka. Kijana aliyetuongoza alitusimamisha mbele ya hoteli, akatuonyesha "nguzo za Kirumi". Nikagonga kwa kidole: bomba la plastiki limejazwa zege, rangi juu. Za aina hiyo nimesimamisha nyingi, na Roma sijafika.

Bandari ya Kale alisimulia habari za mfanyabiashara wa karne ya 1 aliyeandika kwa Kigiriki juu ya mashua za kushonwa za pwani yetu. Hadithi tamu, ila jua lilikuwa la utosi na kivuli hapana.

Ngomeni ndiko pesa ya binti yangu iliporudi. Fort Jesus walianza kuijenga Wareno mwaka 1593, mchora ramani yake akiwa Mtaliana, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kwa juu ni mtu amelala, ana kichwa, mikono na miguu. Wachoraji wa enzi hizo walimfuata Vitruvius, Mrumi aliyesema jengo lipimwe kwa mwili wa binadamu.

Kisha kijana akafungua daftari, akatusomea vipimo vya huyo Vitruvius. Mchanga wa kuchimba, makarai matatu kwa moja la chokaa. Wa mtoni au baharini, mawili kwa moja. Halafu akaonya: mchanga wa bahari hukawia kukauka, na chumvi yake hutoka ukutani ikaila plasta.

Yakhe! Hayo ndiyo aliyokuwa akinifokea marehemu fundi wangu, mwiko mkononi, naye kitabu cha Mrumi hakukiona maishani. Nikamwambia kijana, "Mwanangu, hebu rudia." Akarudia mara mbili. Wageni wa kutoka bara wakanuna, wao walitaka picha na mizinga.

Kasoro: tiketi ya ngome unalipa kando, na hilo tuliambiwa mlangoni. Maji jibebee.

Jumamosi narudi na mteja wangu wa Mtwapa, yule aliyeng'ang'ania mchanga wa ufuoni kwa kuwa ni wa bure. Safari hii nalipa mimi.