Mrija wa LifeStraw Katika Safari ya Skauti: Unamfaa Mtu Mmoja, Haukidhi Haja ya Kundi

Wazazi wa skauti wanapopokea orodha ya vitu vya safari ya kulala nje, kifaa ambacho wengi wao hukimbilia kununua ni mrija wa kuchujia maji wa LifeStraw, na wapo wanaoununua hata kabla ya kuuliza bei ya shanta. Tathmini hii inauangalia mrija huo kwa jicho la kiongozi anayewapeleka vijana kutembea mchana kutwa na kulala usiku mmoja kandokando ya mto, kwa sababu kifaa kinachomfaa mtalii anayetembea peke yake si lazima kiwafae vijana wanaopika katika sufuria moja. Sisi tuliutumia katika Mto Chania, unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua na kupita Nyeri, mji alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1941 na ambako skauti wengi wa Kenya hukusanyika kila Februari kuiadhimisha siku yake ya kuzaliwa.

Kwanza haki yake ipewe. Mrija una urefu wa sentimita ishirini na kitu, uzito wake haufiki gramu 60, hauna betri wala kipuri cha kubadilisha, na ndani yake mmejaa nyuzi laini zilizo wazi katikati ambazo kuta zake zina vitundu vya maikroni 0.2 (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mnywaji anapovuta, maji hupenya katika vitundu hivyo na kila kilicho kikubwa kuliko tundu hubaki nje. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo wana upana wa takriban nusu ya maikroni au zaidi, na vimelea kama amiba na giadia ni vikubwa mara nyingi kuliko hao, kwa hiyo vyote huzuiwa bila dawa yoyote na bila kuyabadilisha maji ladha. Hilo la ladha si dogo kwa vijana, ambao wako radhi kushinda na kiu kuliko kunywa maji yenye harufu ya klorini. Watengenezaji wanasema mrija mmoja huchuja lita 4,000, na kwa matumizi ya skauti kiasi hicho ni zaidi ya miaka yote atakayokaa kikosini.

Asili ya kifaa hiki pia inatuhusu. Kampuni ya Vestergaard, iliyouunda mrija huu, iliingia katika kazi ya kuchuja maji kwa vichujio vya kitambaa vilivyosaidia kupambana na mnyoo wa guinea, ugonjwa ambao Kenya ilithibitishwa kuwa huru nao mwaka 2018, na mrija wenyewe ukatoka mwaka 2005. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na iodini ndani yake, na anayeyakumbuka kwa ladha ile ya dawa aelewe kwamba ya sasa hayana.

Sasa tuje mtoni. Mrija humlazimu mnywaji ayafuate maji, kwa maana hauwezi kujaza chupa wala sufuria, isipokuwa mtu akubali kuchota maji machafu katika kikombe na kuyavuta humo kidogo kidogo. Kwa mtu mmoja aliyesimama dakika chache ukingoni, utaratibu huo hauna tabu. Kwa kikosi, maana yake ni vijana waliopanga foleni juu ya mawe yenye utelezi, mmoja mmoja akilala kifudifudi na uso karibu na mkondo, huku kiongozi akiwa hana nafasi ya kugeuka hata kuangalia hema linasimamishwa vipi. Baada ya hapo njia huuacha mto na kupanda mlimani, na skauti aliyekunywa akashiba dakika kumi zilizopita hana hata tone la kubeba. Jioni inapofika, maji ya ugali, ya chai, ya kuoshea mboga na ya kusukutulia meno yote hayapiti katika mrija. Mtoto anaweza kunywa kwa mrija kutwa nzima kwa uangalifu mkubwa, kisha akaugua kwa kachumbari iliyooshwa kwa maji yaleyale ya mto.

Jambo la pili ni kichocho. Mrija unaweza kuzuia viluwiluwi vya kichocho visiingie kinywani, lakini viluwiluwi hivyo havisubiri kinywa, kwani hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini. Katika maji baridi ya nyanda za juu hofu hiyo ni ndogo. Kikosi kinachokwenda Mwea au kandokando ya Ziwa Victoria, ambako ugonjwa huo unajulikana vyema, kinapaswa kufahamu kwamba kifaa kinachomtaka mtoto apige magoti majini ili anywe kinamweka karibu na hatari ambayo chujio halina uwezo nayo.

Vipo pia vinavyopita. Virusi vya homa ya ini aina ya A ni vidogo mno kwa vitundu vya maikroni 0.2, na vivyo hivyo virusi vya kuhara vinavyotokana na kinyesi cha binadamu, hivyo mto unaopita karibu na makazi na vyoo vya shimo si mto wa kuuamini mrija peke yake. Kemikali nazo hupita. Palipo na mashamba ya kahawa yanayopuliziwa dawa juu ya kambi, dawa hiyo ikiwa imeyeyuka majini, mrija wa kawaida hauizuii. Tope, kwa upande wake, haliwezi kupita, ila huziba nyuzi na kuifanya kazi ya kuvuta iwe nzito hadi kijana aone mrija umeharibika. Mnamo Februari maji huwa safi na tatizo hilo halionekani sana, lakini mvua za masika zikianza, hakuna budi kuyachota maji, kuyaacha yatuame na kuyapitisha katika leso safi kabla ya mrija kuyagusa. Mwenye mrija akumbuke kuupuliza kwa nguvu kila amalizapo kunywa ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia.

Kwa kundi la skauti sita hadi wanane, fedha za mirija hiyo yote zingetumika vizuri zaidi kwa namna nyingine. Kampuni hiyohiyo ina chujio la kuning'iniza, LifeStraw Family, ambalo zaidi ya laki nane yaligawiwa kwa kaya za magharibi mwa Kenya mwaka 2011, na wenyeji wa Kakamega na Bungoma watalikumbuka kwa ndoo yake ndogo ya samawati na mpira unaoshuka hadi kwenye chujio. Vitundu vyake ni vya maikroni 0.02, kwa hiyo huzuia hata virusi, na maji hushuka kwa uzito wake yenyewe bila mtu kuvuta. Liliundwa kwa ajili ya ukuta wa nyumba na ni zito kuliko mrija, lakini tawi la mti hulibeba vizuri, na wakati vijana wanasimamisha mahema, chupa na mtungi wa jikoni hujaa. Ambaye halipati atafute WaterGuard, dawa ya klorini ya kutibu maji, ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mrija mmoja, afuate kipimo cha lebo na asubiri nusu saa. Klorini huua bakteria na virusi vingi, ingawa kuna vimelea sugu, hasa kriptosporidia, visivyoijali, na hivyo ndivyo chujio huvikamata. Maji ya chakula na chai yachemshwe hadi yatokote kabisa. Kambi ikiwa juu ya mita 2,000, ambako maji hutokota kabla ya kufikia joto la kawaida la kuchemka, yaachwe yatokote kwa dakika tatu.

Mrija bado una nafasi yake shantani kama akiba, na ningemnunulia kijana anayekwenda matembezi marefu na mwenzake mmoja, au kiongozi anayetangulia kukagua njia. Anayeupeleka Mlima Kenya alale nao ndani ya mfuko wa kulalia, kwa kuwa mrija uliokwisha kulowa ukiganda kwa baridi ya usiku nyuzi zake hupasuka, na kwa nje hakuna dalili yoyote itakayoonyesha kwamba hauchuji tena. Mtunza stoo wa kikosi naye asiupokee ukiwa umefungwa vifuniko na maji ndani. Upulizwe hadi maji yaishe, uachwe wazi kivulini ukauke, kisha uandikwe jina la mwenyewe, kwa sababu kifaa kinachoingia kinywani hakiazimwi.