Ndege Ile Ile, Viti Vipya: Tathmini ya Safari ya Usiku Kutoka Dar es Salaam

Shirika la kigeni lililonisafirisha kutoka Jengo la Tatu la Abiria, Uwanja wa Julius Nyerere, linajinadi kwa ndege zilizokarabatiwa, na kwa vyote anavyovigusa abiria dai hilo ni la kweli. Boeing 777-300ER tuliyopanda ilikuwa na zulia jipya, viti vilivyovishwa kitambaa kipya, skrini inayoitikia kidole mara moja na tundu la kuchajia simu lisilolegea. Umri wake ulionekana dirishani tu, ambako fremu imepakwa rangi ikawa nyeupe pe, lakini plastiki ya ndani ina mikwaruzo myembamba iliyojaa kila upande. (Kisahani cha majivu ya sigara mlangoni mwa choo si dalili ya uzee, kanuni za usalama hukidai hata katika ndege mpya.)

Ukarabati huu una sababu. Boeing 777X, toleo jipya la ndege hii lililotarajiwa kuanza kazi mwaka 2020, imechelewa kwa miaka, na walioiagiza wamelazimika kuendelea na ndege walizonazo. Emirates, shirika la ndege la Dubai, kwa mfano, mwaka 2022 ilitaja ndege 120 za kukarabatiwa, kisha ikaongeza idadi. Hesabu yenyewe inaeleweka, kwa kuwa mwili wa ndege ukikaguliwa ipasavyo huruka kwa miongo, ilhali kiti huchakaa mapema zaidi. Ndege hustaafishwa pale gharama ya ukaguzi mkubwa, ambao huifumua karibu yote, inapozidi faida iliyobaki. Hapo injini, magurudumu na mitambo ya umeme huuzwa kama vipuri, na bati hukatwa ili liyeyushwe. Kiti kipya, basi, hakithibitishi usalama wa ndege, wala kiti kilichochanika hakiupingi. Suala hilo ni la karakana.

Ninacholalamikia ni mgawanyo wa fedha za ukarabati. Daraja la biashara limepangwa upya ili kila abiria afike ujiani bila kumruka jirani yake, wakati sisi wa daraja la kawaida tumeachwa kumi kwa mstari kama zamani, viwiko vikigombania egemeo moja usiku kucha. Kwa nauli niliyolipa, ningesafiri na shirika hili tena, ila ningemtaka wakala wa tiketi anihakikishie mapema kiti cha ujiani, hata kama kina malipo ya ziada.